Wimbo wa Mama wa Skani

Mama wa skani, mpima mimba kwa mashine katika zahanati ya Koboko, hubana chupa ya jeli kwapani hadi ipate joto, ndipo ammiminie mjamzito tumboni, huku akiimba wimbo wa kanisani midomo ikiwa imefumbwa. Ukimuuliza kama ni mvulana au msichana, hujibu vilevile: "Ngoja, mama. Moyo kwanza, halafu mgongo, halafu tumbo."

Siku Mariam Poni alipokuja kupimwa, mimba yake ikiwa na miezi minne, wimbo ulikatika. "Iko kijana?" mama mkwe wake aliuliza. Mama wa skani alimgeuzia Mariam kioo cha mashine, akamwonyesha matumbo ya mtoto yakielea nje ya mwili. "Hii inatengenezwa," mama wa skani alisema, mkono ukiwa begani pa Mariam. "Lakini usizae nyumbani. Enda zalia hospitali ya Arua, daktari ya kupasua iko anangoja."

Leo Mariam amemlaza binti yake kwenye kitanda kilekile. Mama wa skani akapasha vidole joto kwapani, akapitisha kimoja juu ya kovu dogo kando ya kitovu. Mtoto akamtandika teke. Wimbo ukaanza, safari hii midomo wazi, na wajawazito kwenye benchi la nje wakaupokea.