Nilivyouonea Mto Wivu

Mimi ni mtu mwenye wivu, na sioni haya kulisema. Si wivu wa mali. Ng'ombe wa jirani akinenepa namtakia heri. Wivu wangu ulikuwa juu ya mke wangu, na tangu tulipooana katika miaka ya sitini niliujua kama mtu anavyojua jino lake bovu na upande asioutafunia.

Nilikuwa fundi wa nguo pale Mukuyuni. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la mtu, ikitazama barabara yote, kwa hiyo nilijua nani amekwenda kinuni, nani amerudi na nani amechelewa. Kwa mtu wa tabia yangu hiyo si kazi nzuri.

Mambo yalianza mwaka mmoja wa miaka ya themanini, baada ya kuvuna mbaazi. Mke wangu alihama kitandani. Alitandika mkeka chini katika chumba cha mbele, akasema ndani kuna joto. Joto gani? Baridi ya milimani ilikuwa haijaisha, na mimi nilikuwa najifunika mablanketi mawili. Kisha akaacha chai. Chai ya jioni tulikuwa tumeinywa pamoja tangu tukiwa hatuna hata meza, na sasa nilikunywa peke yangu huku yeye akikoroga maji ya ukwaju yasiyo na sukari. Siku moja aligomba kwa sababu ya kijiko. Aligomba mpaka kuku wakatoka jikoni, halafu akakaa kwenye kigoda akalia. Nilipomuuliza ana nini alinijibu kwamba ni mambo ya wanawake. Jibu hilo limefunga milango mingi Ukambani, na mimi lilinifungia nje ya wangu.

Haya yote ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba siku za mkutano wa kina mama wa kanisa, mkutano ukiisha, hakuja nyumbani moja kwa moja. Alifika jua likiwa limeshuka, pindo la gauni limelowa, amepakwa mafuta ya mbarika kwenye paji la uso na shingoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kucheka. Mimi nilikuwa sijamchekesha kwa miezi.

Nilijua ni nani. Siku za soko alikuja muuza mizizi kutoka upande wa Kitui, akatandaza gunia lake mbele ya baraza yangu. Watu wa dawa wa Kitui wanajulikana Kenya nzima, lakini huyu mimi sikuogopa dawa zake, niliogopa meno yake, ambayo yalikuwa mazuri na yote yalikuwepo. Halafu alikuwa mjane, na alihakikisha kila mnunuzi amelijua hilo. Mke wangu alinunua kwake ukwaju na magome ya kuchemsha, na nikaona kwa macho yangu akiongezewa bila kuomba. Mwanamume haongezi bure. Yule bwana aliponiletea suruali yake itiwe kiraka, nilimtilia cha rangi nyingine, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kupaona, nikamwambia imetoka vizuri.

Ijumaa moja, mkutano ulipokwisha, nilifunika cherehani, nikamfuata mke wangu. Alishuka njia ya mtoni. Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, maji yako chini, na watu huchimba mashimo ili kuyapata. Kwetu mwanamume akikaribia mtoni hukohoa kabla hajafika, maana huenda kuna wanawake wanaoga. Tangu ujana wangu sijawahi kuacha kukohoa. Siku ile nilifunga mdomo. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa, nyuma ya kichaka chenye miiba.

Nilitafuta meno ya yule mtu, sikuyaona. Niliona wanawake watano wa rika la mke wangu, na yeye wa sita, wote watu ambao vipimo vyao ninavijua kwa kichwa. Walikuwa wamechimba mpaka kwenye mchanga wenye maji, wakaketi kulizunguka shimo, miguu yao imefukiwa hadi magotini. Mmoja alikuwa akimkanda mwenzake shingo kwa mafuta. Kibuyu cha maji ya ukwaju kilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikuwa anawaonyesha jinsi ya kuvuta pumzi polepole mpaka ishuke tumboni, na wote walifanya hivyo macho yamefungwa.

Hapo ningerudi kwenye cherehani yangu nikiwa mtu mwenye furaha. Lakini mke wangu akaanza kusema.

Alisema joto linampanda kutoka kifuani mpaka masikioni, kama amefunua sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, inayochemka na mvuke umempiga usoni. Alisema damu yake ya mwezi imekata tangu kabla ya mvua. Moyo humwenda mbio usingizini, na kuna siku anaogopa kwamba akili inamtoka. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa mumewe atatafuta mwingine, ambaye bado hajaisha.

Hawakumkimbilia na maneno. Mmoja alisema kwake ilikuwa hivyo hivyo, na ikapita. Mwingine alisema mumewe alidhani amerogwa. Mke wangu akacheka. Kicheko kile nilikuwa nakijua tangu akiwa msichana, na nilifikiri ni changu.

Ningemkuta na mwanamume ningejua la kufanya. Ninampiga, au ananipiga, wazee wanakaa, mbuzi anachinjwa. Mto nitauitia wazee gani? Nilipanda kilima nikiwa ninawaka kuliko yeye. Nimelala kando ya mwanamke yule tangu nikiwa na nywele zote, na la moyoni mwake nimelipata kwa kuibia, kichakani, kama mwizi wa kuku. Niliwachukia wale watano mmoja mmoja. Mmoja wao alikuwa na gauni kwangu la kupunguzwa urefu. Lilikaa likikusanya vumbi mpaka alipokuja kulidai mara ya tatu.

Kisha nikawaza kama fundi. Kama kinachomtuliza ni mchanga, mchanga unabebeka. Niliazima punda wa jirani, nikashuka asubuhi mtoni, nikachota magunia kutoka mahali pale pale walipokuwa wameketi. Nyumbani niliumwaga nyuma ya jikoni, upande wenye kivuli, nikaumwagia mitungi mitatu ya maji, wakati watu walikuwa wananawa uso kwa kikombe. Jirani aliuliza kama najenga. Nikasema najenga. Niliroweka hata ukwaju, ila nilisahau kuuchuja.

Mke wangu aliporudi kutoka shambani aliutazama mchanga, akaitazama mitungi mitupu iliyolala. Nilingoja anigombeze juu ya maji. Alinitazama mimi.

"Hukukohoa," akasema.

Alivua viatu, akakaa, akafukia miguu. Alikunywa ukwaju wote, akitema mbegu kando. Nami niliketi karibu, nimekaza masikio, nikingoja anieleze yale ya mtoni. Aliniambia mbuzi anakohoa. Akaniambia kuku mwekundu amehamia kwa jirani kutaga. Kisha akajifuta miguu akaingia ndani, na siku ya mkutano ilipofika alikwenda mtoni kama kawaida.

Niliumia. Aliporudi nilimkuta nyuma ya jikoni akianika nguo, nikamwambia mchanga ni ule ule, nimeutoa pale pale wanapokaa, sasa anafuata nini kule.

"Mchanga ni mzuri, baba watoto," akasema. "Lakini kule mmoja akisema, mwingine pia anasema yake. Wewe unataka tu yangu."

Neno hilo lilikaa nami kwa siku nyingi. Nilikuwa nayo yangu. Nilikuwa nimeyaficha mbali zaidi ya alivyoficha yake.

Jioni moja alikuwa amekaa tena kwenye ule mchanga wangu, ambao ulikuwa umekauka nusu. Nilizunguka jikoni, na kabla sijafika kwenye kona nikakohoa. Alisogea. Nilivua viatu nikaingiza miguu yangu kando ya yake.

"Macho yangu yameisha," nikamwambia. "Uzi siwezi kuingiza kwa sindano."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na nani anakuingizia?"

"Wateja. Nawaambia mikono yangu iko na mafuta."

Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Nikaendelea kabla ujasiri haujanitoka. Nilimwambia nilisikia alichosema kuhusu mwanamke mwingine, na simtaki, huyu mmoja amenitosha kwa kuninyima usingizi. Nikamwambia pia kwamba nilikuwa na wivu juu ya yule mtu wa Kitui. Hapo alicheka, na nilipomweleza habari za kiraka alicheka mpaka akashika mbavu. Nilijua mtoni watayasikia yote. Na kweli, wiki iliyofuata wanawake wawili walikuja barazani kwangu bila nguo yoyote ya kushona, wakaniuliza nyumba ninayojenga imefika wapi.

Lakini jioni ile, alipomaliza kucheka, alichota mchanga kwa kiganja akaumwaga juu ya miguu yetu.

"Kuna moja," akasema. "Hii mtoni sijasema."

Akaniambia.

Joto lilimsumbua mwaka mwingine mzima, kisha likaanza kupungua. Aliendelea na mto wake na mafuta yake ya mbarika. Chai hakuirudia, ila alirudi kitandani, na blanketi moja tukaliondoa. Mimi sikupona. Hata leo wale wanawake wakipita wakicheka naangalia kama yumo.

Ila lile moja ni langu. Nimewashonea wote watano mpaka uzeeni, na wanadhani wanamjua kuliko mimi. Nawaacha wadhani. Na wewe unayesoma usijisumbue kungoja, sitalisema.