Miguu Juu ya Kitanda

Roswitha Kuschel alilelewa kasrini, na kila alipolisema hilo watu walimcheka, maana hakuwa na asili wala fasili ya kifalme. Kwao walikuwa wakimbizi. Vita Kuu vya Pili vilipokwisha, mama yake Hedwig alitokea Silesia, jimbo la mashariki walikofukuzwa Wajerumani, na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, akapewa pembe moja ya ukumbi wa dansi katika kasri la Grünewitz, ambalo mwenye kasri alishalikimbia. Ukumbi ulikatwakatwa kwa mbao, kila familia na chumba chake. Mbao zilipanda hadi karibu na dari, kwa hiyo hata picha zilizochorwa kule juu zikagawanywa. Akina Pohl wa jirani walipata farasi. Akina Kuschel wakapata miguu miwili mitupu, minene, myekundu kama iliyotoka kuogeshwa maji ya moto. Mwenye miguu alikuwa upande wa pili wa mbao, kwa watu wengine.

Roswitha alilala chini ya miguu ile utoto wake wote. Alipougua surua aliikodolea macho mpaka ikaanza kutikisika. Baba yake hakurudi kutoka vitani, na mtoto akajiaminisha kwamba miguu ile ilikuwa ya baba. Hakumwambia mtu.

Baadaye walipata nyumba mjini. Akafanya kazi kwenye kiwanda cha soksi, akaolewa, akazaa, akamzika mume. Kasri likafungwa, paa likavuja.

Halafu, vuli iliyopita, simu ikalia. Alikuwa Lothar Pohl, yule jirani wa utotoni.

"We Rosi, wamefungua kwetu!"

"Kwetu wapi?"

"Kasrini, mjinga we! Wamelikarabati lote. Vaa vizuri."

Mlangoni walivalishwa makubazi ya sufu juu ya viatu, wasije wakaikwaruza sakafu. Roswitha aliingia akiburura miguu, akasimama. Mbao hazipo. Vioo, dhahabu, na uwazi mkubwa usio na pa kushika. Hakujua aende kulia au kushoto.

"Samahani mwanangu," alimwambia binti aliyewatembeza wageni, aitwaye Annika, "jiko letu lilikuwa wapi?"

"Jiko liko chini bibi, karibu na ghala la mvinyo."

"Silo hilo. La kwetu."

Annika alitabasamu, kama mtu anavyomtabasamia aliyepotea.

Roswitha akainua macho. Farasi alikuwepo. Miguu haikuwepo. Pembeni alielea malaika mtoto, ameshika zabibu, amefungwa kitambaa mpaka vidoleni.

"Lothar, iko wapi miguu yetu?"

"Basi mlikaa upande ule."

"Ule walikaa akina Scholz, waliokuwa na simba."

"Simba alikuwa wetu!"

"Nyinyi si mlikuwa na farasi?"

Lothar akajikuna kisogo. "Nilidhani farasi ni wenu."

Wakatazamana. Roswitha hakuona njia nyingine ya kupatambua pao: akakunja koti, akaliweka sakafuni, akajilaza chali mahali alipodhani palikuwa na kitanda.

Mlinzi akaja mbio. "Bibi! Umeanguka?"

"Nimelala."

"Hairuhusiwi kulala hapa."

"Nimelala hapa utoto mzima, leo ndiyo hairuhusiwi?"

Lothar naye akajishusha polepole, magoti yakimlia, akalala kando yake. Wageni wakaanza kupiga picha. Annika akamtuliza mlinzi, akachuchumaa.

"Bibi, dari ya pembe ile iliporomoka kwa mvua. Hakuna aliyejua palikuwa na nini. Mafundi walikisia."

"Wakakisia malaika?"

"Ndiyo. Kwani palikuwa na nini?"

"Miguu."

"Ya nani?"

Roswitha akafungua kinywa. Jibu alilolifuga tangu utoto lilifika ulimini, likakwama hapo. Kwa mwanga ule wote lilionekana la kipuuzi. "Sijui," alisema. Kisha akacheka, na machozi yakamtiririkia masikioni kwa vile alikuwa chali.

Walipoinuliwa walikwenda kunywa kahawa bustanini. Lothar alikula keki ya mbegu za popi, yake na nusu ya Roswitha, huku akiwaza.

"Rosi, usikasirike. Labda haikuwa miguu."

"Ilikuwa nini?"

"Mikono. Ya mtu mnene."

Roswitha alitaka kumzomea. Akafumba macho aione tena, na kadiri alivyoitafuta ndivyo alivyozidi kutokuwa na hakika.