Jina la Paskalina

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu Neema, ni siku moja ya kiangazi ambayo ningefurahi kuisahau. Nilishuka basi hapa Babati nikitoka chuoni, nimevaa viatu vya kisigino, nikashika njia ya Mutuka kwa miguu. Nilikuwa mwaka wa pili. Katika idara yetu hakuna aliyenipita kwa alama, na chuo kilikuwa kimenichagua kwenda kusoma mwaka mzima Ulaya, kisha nirudi kumalizia shahada yangu. Kilichobaki ni pasipoti tu. Pasipoti hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa dada yangu Paskalina, binti wa baba mkubwa, ambaye sikuwa nimemtembelea tangu harusi yake.

Nikurudishe nyuma kidogo. Tangu chuo chako kikuteue kwenda kusoma nje, umeniomba cheti changu cha kuzaliwa mara tatu, na mara tatu nimekujibu kwamba nakitafuta. Sikitafuti. Sina.

Mimi niliyekuadhibu kwa sababu ya jedwali la kuzidisha nilifeli darasa la saba. Usicheke. Siku zile aliyefeli hakuruhusiwa kurudia, kwa hiyo mzazi mwenye tamaa alimtafutia mwanawe jina lingine. Mwaka ule Paskalina, mkubwa wangu aliyechelewa kuanza shule, alikuwa ndiyo kwanza anaingia darasa la saba shule ya jirani, na wakamwoza. Hakuna aliyemuuliza. Ng'ombe walishapokewa, dawati lake likabaki wazi. Baba yangu akazungumza na baba mkubwa, wakazungumza na mwalimu, nami nikapelekwa kuketi pale. Nilikuwa naitwa Veronika. Jumatatu ile mwalimu akaita Paskalina, nikaitika.

Nikafaulu. Paskalina akaenda sekondari, Paskalina akaenda chuo kikuu, na Paskalina mwenyewe akawa analima maharage Mutuka na mtoto mgongoni. Wale wazee wanaokuja hapa nyumbani Nangara wakaniita Vero, wewe umekuwa ukidhani ni jina la utani.

Mhadhiri aliyenipendekeza alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Siku aliyonipa barua aliniuliza, "Binti, karatasi zako ziko sawa? Kama kuna kasoro, sema leo. Leo naweza kukusaidia, mwezi ujao sitaweza."

Nikasema ziko sawa. Mficha uchi hazai, mwanangu. Methali hiyo niliwahi kuiandikia insha, nikapata alama zote.

Basi nikafika Mutuka. Nilimkuta Paskalina uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Akanipa kigoda, akanipa na maziwa mgando. Watoto walikuwa wanachungulia mlangoni, na sikumuuliza hata majina yao. Nilimwambia moja kwa moja kilichonileta: anipe cheti chake cha ubatizo, nikitumie kupatia cheti cha kuzaliwa, niombe pasipoti. Aliendelea kupepeta mpaka akamaliza ungo mzima.

"Dawati langu umelikalia," akasema. "Jina langu umelisomea. Sasa unataka na ubatizo?"

"Dada, ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, mbona umeifuata na visigino mpaka huku?" Kisha sauti ikashuka. "Sikatai kukusaidia, Veronika. Twende kwa hakimu wote wawili. Nitasema jina ni langu, na wewe ulipewa na wazee, hukuiba. Nitasimama na wewe. Lakini kwenda huko ng'ambo ukiwa mimi, hapana. Mimi niko hapa."

Hapo ndipo nilipopewa njia, na njia yenyewe ilikuwa nyeupe. Lakini niliogopa. Nilijiambia kwamba chuo kikijua kitanifukuza, na tena niliona aibu kusimama mbele ya hakimu na mwanamke mwenye vumbi miguuni nikisema kwamba akili ni yangu lakini jina ni lake. Kwa hiyo nikamwambia ananionea wivu. Nilimwambia hivyo, Neema, kwamba ananionea wivu kwa sababu yeye aliambulia jembe.

Akaweka ungo chini, akanitazama. "Maliza maziwa yako," akasema, "basi la jioni lisije likakuacha."

Nimekaripiwa na wengi maishani, na hakuna karipio lililoniingia kama lile.

Nilirudi chuoni nikamdanganya yule mhadhiri kwamba siwezi kusafiri, mama yangu ni mgonjwa. Mama yangu alikuwa mzima, analima. Mhadhiri akasema, "Nafasi hii angepewa mwenzako. Nilimwacha kwa ajili yako, na sasa muda wa kumrudisha umepita." Nafasi ile haikwenda na mtu. Nami nikamaliza kwa daraja la kwanza, na yule mama hakuniita binti tena hadi siku ya mahafali. Cheti cha shahada ile kimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Uliwahi kuniuliza kwa nini sikitundiki ukutani kama walimu wengine. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee, wala hawakuomba radhi kwa kusema hivyo.

Nikafundisha mpaka nikastaafu, wanafunzi wakiniita mwalimu Paskalina. Mutuka sikwenda. Kila mwaka nilisema nitakwenda baada ya mavuno.

Mwaka jana nikaenda, kumzika. Walimu wenzangu walinisindikiza, wakaketi karibu nami. Katekista akafungua karatasi akasoma, "Marehemu Paskalina alizaliwa katika familia ya..." Wenzangu wakageuka kunitazama. Mmoja akaninong'oneza, "Kumbe ni wajina wako?" Nikasema ndiyo, wajina. Pale kaburini, mwanangu, nilimkana mara ya pili. Nililia sana, watu wakanisifu kwamba nampenda ndugu yangu, kumbe nilikuwa nalia kwa aibu.

Halafu juzi ukanipigia simu, sauti imekukauka. Zimebaki siku kumi na mbili, ukasema. Bila karatasi za mama, pasipoti haitoki, na nafasi atapewa mwingine. Nikakaa kitandani. Kwenye cheti chako cha kuzaliwa, Neema, mama yako ni mtu aliyezikwa Mutuka. Uongo wangu nilidhani nimeubeba peke yangu, kumbe nilikuwa nimekubebesha na wewe.

Jana nimekwenda Mutuka. Emanueli, mwana wa kwanza wa Paskalina, alinipokea mlangoni. "Shikamoo, mama mdogo." Nilipotamka neno cheti aliingia ndani akarudi na mfuko wa nailoni.

"Mama alisema utakuja," akaniambia. "Alisema ukija kukiazima nisikupe, ukija kusema kweli nikupe."

"Nimekuja kusema kweli, baba."

"Umechelewa, mama mdogo."

Akanikabidhi. Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili. Jumatatu atakuja mjini kunishuhudia kwa wakili, cheti cha mama yake kikionyesha Paskalina halisi alikuwa nani, na ameniambia wazi kwamba anakuja kwa ajili ya mama yake.

Basi sikia, mwanangu. Kuwa wa kwanza darasani si kosa, na kwenda kusoma ng'ambo ni heri. Lakini ukiwa na kasoro, mwambie yule anayekuuliza angali anauliza, kwa maana watu wema hawaulizi kila siku. Ukipewa nafasi, jua ni nani aliyeikosa ili wewe uipate, na umtembelee kabla hujawa na shida naye. Wala usimwite mwenye wivu mtu anayekunyima uongo. Mimi nilifanya yote haya kinyume, nikaambulia cheti cha sandukuni.

Jumatatu nitaapa kwamba yule Paskalina wa cheti chako ni mimi Veronika. Sijui watanifanya nini. Ualimu wangu wote na pensheni yangu viko kwa jina lile. Naogopa, sikufichi. Ila usinipigie simu kunizuia. Nikinyamaza tena, utabaki hapa kama nilivyobaki mimi, ila mimi nilijitakia, wewe hapana.

Mungu wa babu zako akutangulie, akupe marafiki wasiokuchoka, akurudishe nyumbani ukiwa yule yule. Ukifika huko watakupa fomu ya kujaza, na watauliza jina la mama. Andika Veronika. Andika taratibu, kwa mwandiko mzuri, maana tangu darasa la saba sijaandikwa popote.