Simu Iliyokalia Kiti cha Twalibu

Twalibu anaziba rejeta za magari mtaani Buyenzi, na maoni yake kuhusu mitambo ya siku hizi hayangoji kuombwa. Mpelekee rejeta inayovuja, na kabla hajawasha moto atakueleza kwamba simu za kugusa zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasioshika spana, kwani kidole chake chenye grisi kikipita juu ya kioo, simu humpigia shemeji yake wa Rumonge badala ya mkewe. Magari mapya, anasema, yamedekezwa mno: mlango usipofungwa vizuri, yanawasha taa na kunung'unika. Namba ya siri nayo haimwingii akilini. Mtu mzima afiche nini ndani ya simu? Anachokubali ni ujumbe wa sauti tu, kwa sababu humo anasema mpaka pumzi imkate na hakuna wa kumkatiza.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni michezo ya simu, maana Twalibu alikuwa bingwa wa dama. Mbele ya gereji yake kuna ubao uliochorwa miraba, na vizibo vya soda vinapigana na vizibo vya bia. Twalibu, mtu wa msikitini, siku zote huchukua vya soda. Kando ya ubao kipo kiti cha abiria kilichong'olewa kwenye teksi yake ya zamani. Ndicho alichokalia Khadidja siku ya harusi yao, na gari lilipokufa, Twalibu aliuza kila kitu isipokuwa hicho. Kinampumzisha mgongo uliochoka kwa kuinamia rejeta. Ila kwa kujiamini kupita kiasi, yeye mwenyewe aliweka sheria kwamba mshindi ndiye akalie kiti na mwenzake akalie debe. Akaongeza nyingine: anayeondoka kabla mchezo haujaisha amepoteza, hata kama ameitwa na mkewe.

Tuseme ukweli, ushindi wake ulitoka mdomoni zaidi ya kichwani. Ulipokuwa umenyoosha mkono kusogeza kizibo, alikuuliza kwa upole kama mama mkwe ameshaondoka au bado anakuangalia unavyokula. Aliyeteseka kuliko wote alikuwa Salvator, mlinzi wa bohari moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, mtu mpole asiyejua kujibu. Twalibu akianza, masikio ya Salvator yalipata moto, kizibo kikaenda kusikotakiwa.

Jumapili moja Salvator alikuja na simu yenye mchezo wa dama. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba hucheza nayo getini, na kwamba mara nyingi inamshinda. Twalibu alicheka mpaka akakohoa.

"Hii kitu haina mudomo," alisema. "Mutu bila mudomo anaweza kushinda dama namna gani?"

Odette, mama wa Uvira anayekaanga mandazi hapo kando na kuchaji simu za watu kwa waya wake mrefu, alimwambia basi ajaribu, na kiti ndicho kishindaniwe. Watu walikuwa wameshajaa. Twalibu hakuwa na pa kutokea.

Wakapanga vizibo. Salvator akawa mikono ya simu tu: aliibonyezea kila alichocheza Twalibu, kisha akasogeza kizibo pale simu ilipoonyesha. Twalibu akaanza kazi yake. Aliiuliza simu imezaliwa wapi na baba yake ni nani. Aliutania ufa wa kioo chake. Simu ikala vizibo viwili kwa mpigo. Akapandisha sauti, akaiuliza kama imeshawahi kupendwa na mtu. Ikala kingine. Kijasho kikamtoka, na alipokuja kutazama ubao kwa makini, hakuwa amebakiwa na cha kutazama.

"Sheria ni ya nani, si ya kwako?" Odette alimuuliza. "Mwenye kushinda ndiye anakaa."

Akatandika kitenge safi juu ya kiti, akailaza simu hapo, waya wa umeme ukiwa umechomekwa. Watu walishika mbavu. Tangu siku hiyo, kila Salvator alipotoka zamu, simu yake ilikaa kitini na Twalibu akakaa kwenye debe. Wateja walianza kuiamkia simu kwanza. Iliuma, na si mgongoni peke yake. Khadidja alipopata habari hakumcheka. Alimuuliza tu ni nani siku hizi anakalia kiti chake cha harusi.

Mwishowe Twalibu aliomba mchezo wa marudiano yeye mwenyewe. Mpaka katikati alikuwa ameshaelemewa. Hapo ndipo umeme ulipokatika mtaa mzima. Betri ya simu ya Salvator ilikuwa kuukuu, haikai bila waya, na Twalibu aliona alama nyekundu ikiwaka pembeni mwa kioo.

Ghafla akawa mtu mwenye subira kuliko wote Buyenzi. Kabla ya kugusa kizibo, alisimulia safari ya Gitega na rejeta iliyochemka mlimani, tangu asubuhi walipoondoka. Aliyepita njiani alisalimiwa, kisha akaulizwa hali za ndugu zake mmoja mmoja. Hakuinuka kwenye debe hata kidogo. Alikuwa akisogeza kizibo kidogo kidogo, akisifu hali ya hewa, pale kioo kilipokuwa cheusi.

"Ameondoka," alisema Twalibu. "Ao sheria imebadilika?"

Odette akafuta mikono, akafikiri, akakubali kwamba sheria ni sheria, akaiweka simu kando ya ubao. Twalibu akakaa. Loo, alivyokaa! Mgongo wote ulishukuru. Akainama juu ya simu aimwagie utani wote aliokuwa ameuhifadhi, lakini kioo kilimwonyesha uso wake mwenyewe tu, mdomo wazi. Utamu ukamwisha palepale. Kumshinda asiyeona haya hakuna ladha, na jambo hilo lilimhuzunisha kweli.

Salvator akaiokota simu, akaitia mfukoni. Akavuta debe, akakaa, akapanga vizibo vyake vya bia bila haraka. Masikio yake hayakuwa na moto. Alikuwa amecheza siku nyingi na asiyesema, akazoea kutazama ubao tu.

"Panga na wewe, Papa Twalibu," alisema. "Mi nilikula muchana. Sitazimika."

Watu wakamgeukia Twalibu, wakingoja jibu lake. Akashika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja, akautazama ubao, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akafikiri kabla ya kusogeza kizibo.