Dozi ya Watu Wawili

Mama mkwe wangu, Esteri Nkunzimana, hufunga gunia lake la unga kwa mafundo matatu, na la tatu hulilaza kushoto. Ukiligusa, atajua. Harusini huenda na kikombe chake kwenye mkoba, na akikaribishwa lubisi, mwenye pombe ndiye aanze kunywa. Desturi hiyo huku Kasulu tunaijua: anayetoa huonja, mgeni aone hamna sumu. Ila wengine huonja kidogo kwa adabu, mambo yakaisha. Esteri hukutazama koo mpaka aone limeshuka.

Simlaumu kwa yote. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Baba yake walimwacha kaburini. Alikunywa pombe kwa jirani asubuhi, na jua halikuzama akiwa hai. Hadithi hiyo Esteri aliinyonya pamoja na maziwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," husema, na tangu Makarius anioe kutoka Kibondo na kunileta hapa Titye, husema akiniangalia mimi. Makarius mwenyewe alirudi Kibondo kulinda ghala la watu, tukabaki wanawake wawili na vyungu viwili, maana chakula changu hakukigusa kwa miaka mitatu.

Mwaka jana tulivuna mihogo mingi. Esteri aliiloweka kwenye mapipa kwa ajili ya kivunde, akawa anaimenya mikono ikiwa ndani ya maji yale machachu kutwa nzima. Wiki ya pili kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kikavimba pembeni mwa ukucha, chekundu, kinapwita. Mdudu wa kidole, kila mtu aliona. Yeye aliona kingine.

"Nani aliweka kitu kwenye pipa langu?" aliniuliza.

"Ni maji tu, mama."

"Maji nimeyashika miaka hamsini."

Nilimbembeleza siku tatu ndipo akakubali twende zahanati. Muuguzi, dada Winifrida, alimtazama kidole, akatupa kapsuli ishirini na nane za rangi mbili: moja kila baada ya saa sita, siku saba. "Dozi isikatishwe, hata akijisikia amepona," aliniambia mimi, kwa kuwa Esteri alikuwa ameangalia dirishani. "Akiloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, mihogo aiache. Kikitunga usaha mrudi, tukipasue."

Nyumbani nilimpelekea kapsuli ya kwanza na kikombe cha maji. Aliigeuza kiganjani, akanirudishia.

"Banza wewe, mukazana."

Yaani nianze mimi, mkwe wake. Nilimweleza kwamba dawa si pombe, na kwamba mimi siumwi. Akafunga mdomo kama mtoto anayekataa uji. Kidole kilikuwa kinamuuma hadi machozi yanamtoka, na bado alikuwa tayari kukikosa kuliko kuniamini. Nilikasirika. Nikameza. Akaniambia nifungue mdomo, niinue ulimi. Alipoona hamna kitu alingoja kidogo nife, nisife, ndipo akachukua ya kwake.

Ikawa hivyo kila baada ya saa sita: moja yangu, moja yake. Siku ya tatu uvimbe ukapungua, na jioni ile Esteri akaketi karibu na jiko langu, akala maharage yangu kutoka kwenye chungu changu. Akaniita mwanangu. Siku ya nne mchana bahasha ikabaki tupu.

"Zimeisha, na nimepona," alisema, akarudi kwenye mapipa yake.

Siku ya kumi kidole kilikuwa kimeiva, usaha umejaa chini ya ukucha. Alikataa kupasuliwa. Alisema hatampa kidole mtu asiyemjua mwenye kisu mkononi. Alipokubali kupanda bodaboda kwenda hospitali ya mjini, siku nyingine tano zilikuwa zimepita na ncha ya kidole imekuwa nyeusi.

"Dozi ya kwanza mlimaliza?" daktari aliuliza.

"Yote," Esteri alisema, tena kwa fahari. "Tuligawana sawasawa, mimi na mukazana wangu. Hakunificha kitu."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Kisha akasema usaha umefika kwenye mfupa, na pingili ya juu lazima iondolewe.

Siku hizi anamenya mihogo kwa shida, kisu kinamponyoka. Kwenye jumuiya, sala zikiisha, huonyesha kidole chake kifupi na kusimulia, "Dawa zangu ziliishia tumboni mwa mukazana." Wanawake hugeuka kunitazama. Chakula changu hali tena. Makarius alipiga simu kutoka Kibondo, sauti yake ngeni kabisa, akaniuliza, "Safina, ni kweli ulimeza dawa za mama?"

Nilimjibu ni kweli, na nikamweleza kwa nini. Sikumweleza kwamba siku ya tatu, kabla ya kupakua maharage, nilizihesabu zilizobaki kwenye bahasha, nikakumbuka maneno ya Winifrida, nikajua hazitatosha. Ningemwambia Esteri palepale, ningekimbilia zahanati kuomba nyingine. Lakini alikuwa ameshanyoosha sahani yake kwangu, nami nikanyamaza, nikampakulia.