Mwenye Nyumba ya Edmonton Alikunywa Chai Kwangu

Asiyetaka kuamini na aache, lakini asiniambie niliota. Nilikuwa macho, mchana kweupe, miwani usoni, hapa hapa Laurel, Marekani.

Mwanangu Salim na mkewe Mwanaidi walikuwa wamechoka kupanga nyumba za watu. Nyumba za Maryland hata uuze figo hupati choo. Wakasikia Edmonton, kule Kanada, nyumba bado ni za bei nafuu. Basi Jumamosi moja dalali wa kule akawapigia simu ya video, anatuonyesha vyumba. Kaingia na mabuti yake kama ng'ombe, hata hodi hakupiga! Mimi sikulelewa hivyo. Nikaivuta simu, nikaita, "Hodi! Hodi humu ndani!"

Mwanaidi akacheka. "Mama jamani, nyumba tupu hiyo."

Tupu? Sauti ya kikongwe ikaitika kutoka jikoni mwa nyumba ile, ikanikaribisha. Dalali hata hakugeuka.

Alasiri wale wawili wakaenda harusini Columbia, mji wa jirani. Niko peke yangu, chai iko jikoni, mlango ukagongwa. Nafungua: bibi wa Kizungu, gauni la kulalia, ndala zimejaa theluji. Theluji! Na huko nje joto, watoto wanacheza wamevaa fulana tu. Wewe ungefanya nini? Mimi mtu wa Tanga, mgeni simsimamishi mlangoni. Nikamkalisha, nikammiminia.

"Tangawizi nyingi," akasema. Asante hakuna!

"Kunywa hivyo hivyo," nikamjibu.

Kiingereza changu ni cha dukani tu, lakini wallahi nilimwelewa kila neno, na mpaka leo sijui tulisema lugha gani. Akaniambia, "Wanangu wanauza nyumba yangu. Mimi sijafa. Waambie wako wasinunue."

Nikageuka kumletea vitumbua. Kurudi, kiti kitupu, kikombe kikavu, maji ya theluji yametuama kwenye zulia.

Salim aliporudi nikamweleza. Akashika kichwa. "Mama, usituharibie. Ofa ya kuinunua tumeshapeleka."

"Mpigie dalali. Muulize mwenye nyumba yuko wapi."

Kesho yake akampigia, ili ninyamaze tu. Dalali akababaika kwanza, halafu akasema bibi yupo nyumba ya wazee, hainuki kitandani, watoto wake ndio wanauza. Tena akacheka, yule mtu! Eti bibi kachanganyikiwa, jana kawaambia wauguzi alikwenda kunywa chai kwa mama wa Kiafrika, tangawizi ikamuunguza koo.

Salim alikata simu bila kuaga. Ofa akaiondoa siku hiyo hiyo.

Mwanaidi hanisemeshi vizuri hadi leo, eti nimemnyima nyumba. Na anune! Nimezaa sita, nimewalea kwa mikono hii. Kumtoa mama kitandani na kuuza kitanda chake akiwa hai, huo ndio unafuu? Tunaendelea kulipa kodi hapa Laurel, na kile kiti hakikaliwi. Hata Julai, joto la huku likichemka, ukikigusa baridi inapanda mpaka kiwikoni. Mwanaidi mwenyewe hakisogelei, ingawa anasema haamini.

Na wewe unayetafuta nyumba ya mbali kwa simu, usihesabu vyumba na kusifia jiko tu. Hakikisha aliyekuwa anaishi humo aliondoka kwa hiari yake. La sivyo, kitanda utalipia wewe, atalala yeye.