Bendi ya Maharagwe

Desemba iliyopita nilialikwa Bondeni, kwenye harusi ya mjukuu wa rafiki yangu niliyesoma naye. Rafiki huyo ni Tarumbeta. Ana jina lake la kuzaliwa, lakini tarumbeta ndicho chombo alichopiga tukiwa shule, na hata leo, mvi zimemjaa na magoti hayakunjiki, sijui kumwita vingine. Basi tumekaa kwenye viti vya plastiki, sahani za pilau mapajani, mara ikaingia bendi ya vijana wa shule, imekodiwa kumsindikiza bibi harusi. Ngoma zinang'aa, viatu vinang'aa, kofia zina manyoya. Walipiga vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Tarumbeta akawatazama weee, halafu akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hawa hawali maharagwe."

Wajukuu wakatazamana. Mmoja akaniinamia, "Babu, huyu mzee ako sawa kweli?" Nilicheka hadi nikapaliwa. Wale vijana, unajua, walikuwa wanapiga midomo ikiwa imefungwa, na kwetu sisi bendi ya mdomo uliofungwa ni kitu hatujawahi kuona. Vuta kiti, ndugu yangu, nikueleze.

Shule yetu ilikuwa upande wa juu, chini ya Menengai. Ukisimama uwanjani ulilimaliza ziwa lote kwa macho, na ndege heroe wamelizunguka ukingoni, wekundu mtupu. Kiangazi kikikaza, upepo ulipandisha vumbi jeupe la magadi kutoka huko chini, ukiuma mkate unasikia chumvi isiyotiwa na mtu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu bado ni Mzungu. Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko: sisi watoto wa Kiislamu wa Bondeni, ambao babu zetu walipanda huku na reli kutoka pwani, na wenzetu waliotoka kwenye mashamba ya walowezi, Njoro, Molo, Elburgon. Wengi tulitembea pekupeku, na hiyo bendi ilikuwa ya pekupeku pia. Kaptura za kaki zilipigwa pasi hadi zikasimama peke yake, mikanda ikapakwa chokaa ikawa myeupe pepepe, halafu chini, miguu na vumbi lake!

Mwalimu wa bendi alikuwa keya, askari wa zamani wa jeshi la mfalme, aliyekwenda vitani Bama, huko Asia, akarudi na kikohozi na ufundi wa gwaride. Noti za muziki hakuzijua, na hata angezijua sisi tungezisomea wapi? Alitufundisha kwa chakula. Ngoma kubwa, inayoshika hatua, ilisema, "Ma-ma, pi-ka! Ma-ma, pi-ka!" Ngoma ndogo, ambazo mimi nilikuwa mmoja wa wapigaji wake, zikajibu haraka haraka, "Maharagwe-na-mahindi, maharagwe-na-mahindi." Na tarumbeta ikaja juu ya zote ikizikatisha tamaa, "Bado haijaiva!" Wimbo mzima ndio huo. Tulijifunza kwanza kwa mdomo, tukitembea uwanjani bila ngoma, na njaa ya saa kumi ikitusaidia kukumbuka. Tulipokuja kupewa vyombo, mikono ikawa haiendi bila mdomo. Mwalimu akakemea, "Midomo ifungwe! Hii ni bendi ama ni mbuzi wanacheua?" Tukiifunga, tunapotea. Mwisho akachoka, akasema haya, semeni, lakini chini chini. Bondeni nzima ikatuita Bendi ya Maharagwe.

Mama yangu alikuwa na ugomvi na huo wimbo. Yeye Kiswahili alikilea kama kitoto. Kila nikiufanyia mazoezi nyumbani, nikigonga debe, alitoka jikoni na mwiko. "Maharagwe hayajaiva! *Ha-ya*! Haijaiva ni nyama, haijaiva ni ndizi. Mwambie huyo mwalimu wenu!" Nikamwambia. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie mama, tarumbeta ya serikali haina ngeli."

Aliyepiga ngoma kubwa alikuwa kijana wa Kikuyu kutoka upande wa Elburgon. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na kila alipotoka likizo sanduku lake lilinuka mtarakwa, sote tukalinusa kwa zamu. Tulimwita Ngoma Kubwa, na kweli alikuwa mkubwa, mabega hivi, lakini mpole ajabu. Alikaa kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na jioni alikula kwetu. Siku ya kwanza alimsalimu mama, "Habari yako, mama," huku amempa mkono. Mama akamwonyesha shikamoo. Tangu hapo alikuwa akiipiga kutoka nje ya mlango, "Shikamoo mama!" na mama ndani anajibu, "Marahaba mwanangu, nawa mikono." Mimi mwenyewe sikuwa naitwa mwanangu mara nyingi hivyo.

Halafu ikaja hali ya hatari. Wewe uliyekuwepo wajua, na ambaye hakuwepo nitamwambia kwa ufupi: serikali iliwashuku Wakikuyu wote kuwa wanawasaidia wapiganaji wa msituni, ikaanza kuwaondoa mashambani na mijini kwetu, ikiwarudisha kwenye rizavu, ardhi iliyotengewa kabila lao, ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Malori yalishuka kutoka Elburgon na Molo yamejaa watu, kuku, masufuria, vitanda. Wazazi wa Ngoma Kubwa waliletwa hivyo hivyo, wakawekwa kwenye kambi karibu na reli kungojea treni. Yeye alibaki shule kwa kuwa mkuu wa shule alimsimamia, lakini bila kibali cha Bwana DC, mkuu wa wilaya, ilikuwa aondoke na wazazi wake. Na alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho tu! Kijana aliyekuwa wa pili darasani.

Mkuu wa shule akatuita. Akasema Bwana DC atakuja kukagua gwaride, na likiisha, yeye mwenyewe atamwomba atie sahihi. "Pigeni vizuri," akasema. "Akifurahi, itakuwa rahisi." Ndugu yangu, sijawahi kufanya mazoezi vile tena maishani. Kila mmoja wetu alikuwa anajua tunapigia nini.

Siku ikafika. Wazazi wamejaa upande mmoja wa uwanja, Wazungu kwenye viti upande wa pili, chini ya turubai. Mwalimu akatoa sauti, "Mbele, tembea!" na Ngoma Kubwa akaanza. Wee! Ile ngoma ilikupiga kifuani. Tukazunguka uwanja mara ya kwanza, hakuna aliyekosea. Bwana DC akawa anatikisa mguu. Nikamwona, nikasema moyoni, tayari, amekwisha huyo.

Pembeni yake alikaa afisa wa polisi, Mzungu kijana, mgeni wa mwezi mmoja hivi. Yeye hakuangalia ngoma. Alikuwa anaangalia midomo. Miaka ile, watu kusema maneno kwa pamoja chini chini kulikuwa na jina moja tu: kiapo cha wale wapiganaji wa msituni. Akasimama, akainua mkono, mwalimu akapaza sauti, "Simama!" Uwanja ukanyamaza kiasi cha kusikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti.

Akaja na karani wake, mkalimani, bwana mmoja wa miwani. Wakaenda moja kwa moja kwa Ngoma Kubwa. "Unasema nini?"

"Mama pika," akasema, jasho likimtiririka.

"Mama gani? Apike nini?"

"Maharagwe na mahindi!" tukasema sisi wa ngoma ndogo kwa pamoja, hata hatukuulizwa.

Karani akamgeukia Tarumbeta. "Na wewe?"

"Bado haijaiva."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yule karani alikuwa amesomea pwani, na kosa lile likamkaa kooni. Akavua miwani. "Nini haijaiva? Maharagwe *hayajaiva*. Haijaiva ni kitu kingine. Ni nini hiyo haijaiva?" Na akamtafsiria yule Mzungu, sijui kwa Kiingereza gani, ila tulimwona Mzungu akishika mkanda wa bastola. Baadaye mkuu wa shule alitueleza kwamba yule afisa aliambiwa wanafunzi wanaimba, "Wakati wake haujafika." Yaani kwa ajili ya ngeli! Kwa silabi moja tungefungwa sote, na wa kwanza angekuwa yule Mkikuyu mwenye rungu la ngoma mkononi.

Mara nikasikia sauti ninayoijua. Mama yangu amesimama katikati ya wazazi, buibui limepeperuka, kidole juu. "Ni kweli bwana karani! Ni hayajaiva! Nimewasahihisha hawa watoto tangu mwaka jana, hawasikii! Na mwalimu wao ndiye kichwa maji kuliko wote!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akaona nafasi yake. Akapiga saluti, akaomba ruhusa, akatembea peke yake mbele ya Bwana DC akipiga wimbo wote kwa mdomo, tumbo lake ndilo ngoma kubwa, mapaja ngoma ndogo, ngumi mdomoni tarumbeta. Keya mzima na medali zake, anaimba maharagwe. Bwana DC alicheka, akavua kofia, akajifuta macho. Hata yule afisa aliona haya akaketi. Tukaambiwa tuendelee, na tukapiga kwa vifijo hadi mwisho.

Basi tukajua tumeshinda. Tulikaa nje ya ofisi ya mkuu wa shule tukimpiga Ngoma Kubwa makonzi ya furaha. Mlango ukafunguka, Bwana DC akapita, bado anatabasamu, akatuambia, "Bendi mzuri sana." Nyuma yake akatoka mkuu wa shule, uso umemshuka. Bwana DC alicheka, ndugu yangu, na hakutia sahihi. Sheria ni sheria, alisema, akianza na mmoja wataomba wote.

Ngoma Kubwa aliinuka akaenda kwenye ngoma yake. Alilegeza kamba za ngoma kama tulivyofundishwa, ngozi isipasuke, akaipangusa, akaitundika. Halafu akaniambia, "Twende, mama atakuwa anatungoja." Roho iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Siku ya treni, asubuhi, mwalimu alitwambia mazoezi yatakuwa stesheni. Wakubwa wa stesheni aliwaambia tunajiandaa kumpokea mgeni wa serikali. Mgeni gani, hawakuthubutu kumwuliza. Watu wa kambi, Ngoma Kubwa na wazazi wake wakiwemo, walikuwa wameshapakiwa, mabehewa yamefungwa, askari wamesimama mbele ya milango. Hatukuruhusiwa kusogea. Mama ndiye aliyepita. Alikuwa na bakuli limefungwa kwa kitambaa, akaenda tu, kama mtu anayevuka uwanja wa nyumba yake. Askari akamzuia, "Mama, unaenda wapi?"

"Nampelekea mwanangu chakula."

"Mwanao? Humu ni Wakikuyu watupu."

"Nimekwambia mwanangu. Sogea."

Akasogea. Mkono ukatoka kwenye kidirisha, ukalipokea bakuli. Mama akaushika ule mkono, hakuuachilia hadi askari akamwomba kwa adabu.

Ngoma kubwa tulikuwa nayo pale, imesimama chini peke yake, maana mwalimu alikataa kumpa mtu mwingine. "Leo haina mwenyewe," akasema. Akainua mkono, tukaanza ngoma ndogo. Tarumbeta aliinua chombo chake lakini hakikutoa sauti, midomo ilimkataa, akakishusha, akabaki anaangalia treni tu. Mimi sikuona kitu, machozi yalinijaa. Nilisikia. Kutoka ndani ya behewa, kwenye mbao, mtu alikuwa anagonga kwa ngumi, pole pole, kwa nguvu, akitushikia hatua. Ma-ma, pi-ka. Ma-ma, pi-ka.

Hatukumwona tena. Uhuru ulipokuja tulimwuliza kila mtu aliyetoka huko kwenye rizavu, tukaandika barua, tukaambiwa huyu alimwona Thika, yule akasema alikufa zamani. Mwalimu alikufa, mama alikufa. Uwanja wetu umejengwa majumba, na zile ngoma za ngozi sijui zilioza wapi. Hata treni ya abiria ya kwenda Nairobi imekuwa hadithi.

Tukabaki mimi na Tarumbeta, na kazi yetu imekuwa kubishana. Maisha yake yote amenikatalia. "Hakuna aliyegonga," husema. "Ni magurudumu yale. Reli ina viungo, treni ikienda lazima igonge. Wewe ulikuwa unalia, ungesikia nini?" Ameyasema hayo mbele ya wake zetu, mbele ya watoto, nami hukasirika kila mara, tukaachana bila kuagana vizuri.

Siku ile ya harusi, bendi ya vijana ilipomaliza, nikajua mabishano yanakuja, nikajiandaa. Tarumbeta alikuwa ameegemea kiti, macho kwenye ule mlango bendi ilikotokea. Akasema pole pole, bila kunigeukia, "Treni ilikuwa bado imesimama."

"Unasema?"

"Alipoanza kugonga. Treni ilikuwa haijaanza kwenda. Nilikuwa naangalia." Akajipangusa midomo. "Nilikuwa nasema ni magurudumu kwa sababu sikuweza kumjibu kwa tarumbeta."

Nikamshika mkono, tukalia wazee wawili pale pale mbele ya wageni, na sikuona haya.